Dawa Haithibitishwi kwa Cheo

Mnamo Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya lenakapaviri, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, itumiwe kuwakinga watu wasiambukizwe virusi vya UKIMWI. Tangu hapo nimesikia kauli moja ikirudiwa ndani ya matatu za Thika na hata katika vyumba vya walimu: "Dawa ya UKIMWI imepatikana." Kauli hiyo si ngeni kwetu. Tuliisikia mwaka 1990, tukaisikia tena mwaka 1996, na mara zote mbili walioumia ni wale walioisadiki.

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si tabibu. Hata hivyo, nashikilia kwamba jambo hili linatuhusu sote tunaofundisha, kwa kuwa kosa lililotendeka wakati huo lilikuwa la kukubali cheo cha msemaji kuwa ushahidi, na lugha yetu ikatumika kulificha.

Tuanze na historia. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Dawa ya kwanza ya kupambana na virusi hivyo, AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, lakini bei yake ilikuwa mbali mno na uwezo wa mkulima wa Gatanga au kibarua wa kiwandani hapa Thika. Mfa maji hukamata maji. Basi Rais Daniel arap Moi alipoizindua Kemron mwaka 1990, nchi nzima ilishangilia. Wagonjwa walimiminika kuitafuta, na sifa zake zikavuka bahari hadi kwa Wamarekani weusi, ambao baadhi yao waliipigania kama tunda la akili ya Mwafrika.

Kemron ilikuwa intaferoni ya alfa, protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza unaposhambuliwa na virusi. Ilitolewa kwa kipimo kidogo sana, kwa njia ya mdomo. Watafiti wake wakuu hapa nchini walikuwa Dkt. Davy Koech, mkurugenzi wa KEMRI, ambaye walimu watamkumbuka zaidi kwa tume ya elimu iliyotoa ripoti yake mwaka 1999, na Profesa Arthur Obel, tabibu na msomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika makala yao ya mwaka 1990 walieleza kwamba wagonjwa 40 walipewa dawa hiyo, dalili zikapungua upesi, na baadhi yao wakapimwa damu wasionekane tena kuwa na maambukizi.

Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Ipo fani iitwayo famakolojia ya kitabibu, yaani elimu ya jinsi dawa inavyoutenda mwili wa mgonjwa na jinsi mwili unavyoitenda dawa. Swali la kwanza la fani hiyo ni jepesi hata kwa mwanafunzi wa shule ya upili: umelinganisha na nini? Wagonjwa wote 40 walipewa dawa. Hapakuwa na kundi la pili, lililopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, ili ijulikane nani angepata nafuu kwa chakula bora, kwa uangalizi wa daktari, au kwa matumaini matupu.

Wengine walipolinganisha, sifa za Kemron ziliyeyuka. Mwaka 1992 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipitia majaribio ya watafiti mbalimbali, zikaona hakuna ushahidi kwamba dawa hiyo inafaa. Nchini Uganda, Elly Katabira na wenzake waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 500. Baadhi walipewa intaferoni, baadhi kidonge kitupu, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Nao mwaka 1996 ulileta Pearl Omega ya Profesa Obel. Safari hii ilikuwa dawa ya mitishamba, iliyouzwa kwa maelfu ya shilingi, na viambato vyake vikawa siri ya mwenyewe. Dawa ambayo viambato vyake ni siri haiwezi kupimwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mgonjwa alibaki na neno la profesa tu. Haikupata kuthibitishwa kuwa inaponya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa nirudi kwenye fani yangu. Tazama maneno "dawa ya". Dawa ya kikohozi huondoa kikohozi. Dawa ya mbu huua mbu. Dawa ya meno huyalinda meno yasioze. Dawa ya mapenzi, kwa wanaoiamini, huyaleta mapenzi. Na dawa ya deni, tunaambiwa, ni kulipa. Kihusishi ni kilekile, lakini uhusiano umebadilika mara tano! Sarufi yetu inaturuhusu kuunganisha dawa na kitu chochote bila kutaja dawa hiyo inakitendea nini kitu hicho. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna hasara, maana kila mtu anajua meno hayauawi. Lakini mtu akisema "dawa ya UKIMWI", msikilizaji aliyekata tamaa huchagua maana anayoitamani: kuponya.

Je, Kiswahili kina upungufu wa maneno? La hasha! Tunacho kitenzi kuponya, tunacho kutuliza, tunacho kukinga. Watanzania wamelifanyia kazi neno kufubaza, na sisi Wakenya tunasema dawa za kupunguza makali. Maneno haya mawili ni ya kweli kabisa, kwani yanakiri kwamba virusi vimedhoofishwa lakini havijatoka mwilini. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Msomaji ataniuliza: basi dawa ya kweli huthibitishwaje? Jibu halihitaji safari ya mbali. Mji wa Thika watu huutaja kwa mananasi na viwanda, lakini ulikuwa mmoja wa vituo tisa vya Kenya na Uganda vilivyoendesha utafiti ulioanza mwaka 2008 kuhusu wachumba na wanandoa ambao mmoja wao anaishi na virusi na mwenzake hana. Profesa Nelly Mugo alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Waliofuatiliwa ni wenzi jozi 4,747. Wale wasio na virusi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu yaliyokaribiana kwa ukubwa: moja likapewa tenofoviri, la pili tenofoviri na emtrisitabini, la tatu kidonge kitupu. Wote walipewa ushauri na kondomu.

Watu 82 waliambukizwa: 52 katika kundi la kidonge kitupu, 17 katika kundi la kwanza na 13 katika la pili. Kinga ilikuwa asilimia 67 na asilimia 75. Isitoshe, watafiti walipima damu, na wale waliokutwa na dawa ndani yake walikuwa wamekingwa kwa takriban asilimia 90. Hiyo ndiyo kazi ya famakolojia: kidonge kilicho kabatini hakimkingi mtu. Julai 2011, bodi huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilipoona tofauti imekuwa wazi, ilishauri kidonge kitupu kikomeshwe ili asiendelee mtu kukosa kinga. Kenya iliidhinisha kinga hiyo mwishoni mwa mwaka 2015, na mwaka 2017 ikaanza kuisambaza nchini kote.

Linganisha njia hizo mbili. Ya kwanza ilianza na uzinduzi, ushahidi ukangojewa nyuma. Ya pili ilianza na shaka, ikawauliza watu maelfu kwa miaka mitatu, kisha ikasema kwa tahadhari: inakinga, haiponyi.

Hata hivyo, lugha inaweza kuiharibu kazi hii njema. Vidonge hivyo vya kinga vina dawa zilezile zinazotumiwa kufubaza virusi kwa wagonjwa. Tukiviita "dawa za UKIMWI", mke mzima asiye na virusi atamwona jirani akivitazama, naye atavificha au kuviacha kwa kuogopa kudhaniwa mgonjwa. Na sasa sindano ya lenakapaviri inaingia katika mtego uleule. Katika jaribio moja lililofanywa Afrika Kusini na Uganda, miongoni mwa wasichana na wanawake 2,134 waliodungwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024. Hiyo ni habari kubwa mno, lakini ni habari ya kinga. Anayeishi na virusi akiacha vidonge vyake kwa kusikia kwamba "dawa imepatikana", ataponzwa na neno.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, wa sayansi na wa Kiswahili, tuwafundishe wanafunzi maswali matatu ya kuiuliza kila dawa inayotangazwa. Inaponya, inafubaza au inakinga? Imelinganishwa na nini? Ni nani mwingine, asiyenufaika na mauzo yake, aliyeijaribu akapata jibu hilohilo? Mwanafunzi akizoea kuuliza hivyo, hatatishwa na joho la profesa wala na mkono wa rais unaokata utepe. Mimi mwenyewe nina shahada ya uzamifu, nami nawaambia wanafunzi wangu wazi kwamba shahada hiyo inanipa haki ya kuulizwa maswali, hainipi haki ya kuaminiwa bila majibu.