Kamera Ambayo Haijatoka Haiwezi Kurusha Ibada

Leo naandika kuhusu kamera. Nawaandikia hasa ninyi vijana wa midia, lakini wazazi na wanakamati pia msome, kwa sababu pesa ni zenu.

Harambee ilikwisha na pesa ziko. Lakini kila nikiuliza tunanunua lini, naambiwa, "Pasta, tungoje kidogo, kuna mpya inakuja." Natumiwa video za watu wa YouTube wakieleza kamera ambayo wao wenyewe hawajaishika mkononi. Naambiwa ni mwezi ujao. Mwezi ujao unafika, unapita, tarehe inasogezwa.

Sisemi uvumi wote ni uongo. Una mahali unapotoka. Kamera za siku hizi zina Wi-Fi na Bluetooth, kwa hivyo kabla ya kuuzwa husajiliwa na mamlaka za mawasiliano. Kampuni huficha jina na kuandika namba ya siri, lakini kuna watu kazi yao ni kuchungulia orodha hizo, nao wakiiona hiyo namba wanajua kuna kitu kiko jikoni. Kuna tovuti za uvumi wa Canon, za Nikon, za Sony. Ile ya Sony hata hupima habari zake kwa ngazi, kuanzia SR1 ambayo ni ya kusikiasikia tu, mpaka SR5 ambayo wanaiamini. Hilo nalipenda. Kuna manabii ningetamani nao waanze kuweka namba.

Sasa angalieni historia. Mwaka 2009 Nikon walitoa D300S. Wapiga picha za michezo na wanyama wakaanza kungoja mrithi wake, na jina wakampa wenyewe: D400. Mwaka baada ya mwaka ikasemwa iko karibu, mpaka lile jina likawa mzaha. Januari 2016 Nikon wakatoa D500. D400 haikutoka hata siku moja! Aliyeanza kungoja mwaka 2009 akiwa na mtoto mchanga, mtoto huyo alikuwa ameshaingia shule. Jiulize picha zake za utotoni zilipigwa na nini.

Sony nao walitoa A7S II mwaka 2015, na A7S III haikuja mpaka Julai 2020. Kwa karibu miaka 5 watu walibashiri, wengine wakaapa italeta 8K. Ilipokuja ilikuwa ya 4K, megapikseli 12, dola 3,499. Kamera nzuri sana, lakini si ile waliyoichora vichwani. Na wale waliomiliki NX1 ya Samsung ya mwaka 2014 walingoja NX2 kwa hamu, kumbe Samsung walikuwa wakijiondoa kabisa kwenye biashara hiyo. Hao bado wangekuwa wanangoja.

Mtaniuliza kwa nini kampuni zisiseme tu ukweli mapema. Kuna somo la zamani huko Marekani. Mwaka 1983 kampuni ya kompyuta iliyoitwa Osborne ilianza kusifu kompyuta zake zijazo kabla hazijawa tayari. Wateja wakaacha kununua iliyokuwa dukani, na mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Tangu hapo wafanyabiashara wanajua kwamba ukimwambia mteja kesho kuna bora, leo hauzi. Ndiyo sababu wananyamaza. Na ndiyo sababu mimi nasema uvumi unatufanyia sisi kile kile ulichomfanyia Osborne: pesa zimekaa, kazi haifanyiki.

Halafu kuna jambo ambalo uvumi hautuambii hata ukiwa wa kweli. Canon R5 ilivumishwa kuwa na 8K, wengi wakakataa kuamini, na mwaka 2020 ikaja nayo kweli. Lakini Canon wenyewe wakaeleza kwamba itarekodi 8K kwa dakika 20 hivi kisha ipate joto, na hesabu hiyo ni ya mahali penye nyuzi joto 23. Ninyi mnalijua kanisa letu. Mabati yale saa sita mchana mnayajua. Nani atamwambia mhubiri amalize kwa dakika 20? (Najua kuna watakaosema Amina hapo. Nimewaona.)

Kamera tuliyo nayo hukata ikifika dakika 29 na sekunde 59. Si mbovu. Ilitengenezwa hivyo, kwa sababu ushuru wa Ulaya ulikuwa ukiihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa kamera ya video, na ushuru wake ulikuwa juu. Kamera nyingi za sasa hazina tena kikomo hicho, na ziko madukani leo. Tunachohitaji sisi ni kamera inayokaa saa tatu bila kuzima, inayotumia umeme wa soketi badala ya betri, inayotoa picha safi kwa HDMI bila yale maandishi ya skrini, na inayoona vizuri kwenye mwanga hafifu wa ibada ya jioni. Sijaona mtu wa uvumi akisisimkia soketi.

Mwezi uliopita tulimwaga mama yetu mmoja hapa kanisani. Binti yake yuko kazini Doha, hakupata ruhusa ya kurudi. Alikuwa anafuata ibada kwenye simu. Picha ilikatika wakati ndugu zake wakisimama kusoma wasifu, na vijana walipoirudisha walikuwa wameshakaa. Dada huyo alikuwa ametuma mchango wake wa kamera mapema kuliko wengi wenu mnaosoma hapa.

Kungoja kuna faida yake, siwezi kukataa. Kamera mpya ikitangazwa, ya zamani huanza kushuka bei, na waliokuwa nayo huiuza ili wanunue mpya. Basi tumieni uvumi namna hiyo: mkisikia mpya inakuja, angalieni ni ipi inasukumwa nje, muifuate hiyo. Na mkichagua, angalieni lenzi kwanza. Lenzi nzuri hukaa miaka mingi huku kamera zikibadilishwa nyuma yake, lakini ukihamia kampuni nyingine mara nyingi unaanza upya.

Kwa hivyo tukutane Jumamosi saa nane mchana, chumba cha shule ya Jumapili. Mama mhazini atakuwepo. Kama kuna kamera ambayo kampuni yenyewe imeitangaza, ikataja bei na tarehe ya kufika madukani kabla ya mwisho wa mwezi, ileteni tuijadili. Mengine yote yabaki nyumbani. Kila kijana aje na bei za maduka matatu, ya kamera na ya lenzi, kwa maandishi, na garanti ni ya muda gani. Mafundi wa umeme walio kati yetu, nawaomba mmoja wenu afike mapema aangalie ile soketi ya karibu na madhabahu.