Kaka, Ulimcheka Muosha Sahani, Halafu Wali Aliunguza Nani?

Haya wadau, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina neno na kaka mmoja wa hapa hapa Tanga, jina kapuni maana ana wafuasi wengi na mi sitaki kesi. Wanaomjua washamjua: mzee wa klipu za kuchekesha, kofia haivuliwi hata usiku.

Juzi kati aliingia banda moja la gemu huku Mabawa na washkaji zake wawili. Wamezoea mpira, siku hiyo wakataka Overcooked! 2, lile gemu la kupika. Linachezwa na watu mpaka wanne, wakamkalisha dada mmoja wa mtaani aliyekuja kumfuata mdogo wake. Wakafeli hatua ile ile mara tano. Usiku klipu ikapanda: dada wa watu kachorewa mshale mwekundu kichwani, chini kaandikiwa kwamba anajua kuosha vyombo tu, ndo maana wamefeli. Watu wakacheka. Hata mi nilicheka, sikatai, mpaka nilipoirudia nikaangalia jikoni badala ya kusoma maneno.

Kwa ambao hamjalicheza: oda zinaingia juu kushoto, kila moja na muda wake. Hatua yao ilikuwa ya sushi. Mmoja achemshe wali, mwingine akate samaki na tango, uweke jani la mwani, upakue, upeleke. Na hupeleki kitu bila sahani. Sahani zenyewe ni za kuhesabu, zinarudi chafu, na asipokuwepo mtu kwenye sinki hata mpike vipi mtabaki mmeshika wali mikononi.

Sasa kaka yangu, tuangalie klipu yako mwenyewe. Unaanza kukata tango, nusu, unaliacha. Unakimbilia samaki, kumbe mwenzako kashamchukua, mnagongana. Sufuria inalia pale jikoni, huisikii kwa sababu unapiga kelele "oda! oda!". Wali unaungua, moto unashika, unahamia meza ya pili. Nani anaacha sinki kwenda kuchukua mtungi wa kuzima? Yule wa mshale mwekundu. Na sekunde zile zile anazozima moto wako ndizo sahani zinapoisha. Hapo ndipo mlipofeli. Imo kwenye klipu yako, hukuikata, nadhani hata hukuiona.

Wali ukiiva unaipua sufuria unaiweka pembeni, basi, hauungui tena. Hilo tu lingewavusha. Na gemu hili linaruhusu kurusha kiungo kibichi, kwa hiyo hakukuwa na haja ya wewe kuvuka jiko zima na samaki mmoja kama mpagazi. Oda nazo, mkizitoa kwa mpangilio kuanzia kushoto bakshishi inapanda mpaka mara nne, ukiruka moja inaanza upya. Wewe uliruka zote. Mtu mmoja asome oda kwa sauti, kila mtu aseme neno moja la anachokishika, "samaki wangu", "wali tayari". Kupiga kelele siyo kuongoza bwana.

Halafu eti kuosha vyombo ni kazi ya kumcheka mtu. Wewe si mtoto wa Tanga wewe? Hujawahi kukaa kwenye shughuli? Mpishi anasifiwa, sawa, kapalia makaa juu ya mfuniko pilau likatoka punje punje. Ila nyuma ya nyumba kuna kina mama na mabinti wameinamia makarai toka asubuhi. Siku masinia yasiporudi kwa wakati, wageni wanakaa wanaangaliana na pilau linapoa kwenye sufuria. Bibi yangu akiitwa shughulini swali lake la kwanza ni vyombo viko wapi. Nyama anauliza baadaye.

Hilo gemu la kwanza lilitoka 2016, limetengenezwa na jamaa wawili wa Uingereza, na 2017 likachukua tuzo mbili za BAFTA, mojawapo ya gemu la familia. La familia! Wewe ukalifanya la kudhalilishia dada wa mtu.

Najua mtakuja kwenye komenti na "ni gemu tu, acha kukaza". Sawa. Banda lile lilishaanza kupata wadada wawili watatu, wakishika pedi hakuna anayewashangaa. Tangu klipu ipande sijaona hata mmoja, na yule dogo sasa hivi anajirudia nyumbani peke yake. Nilikutana na dada yake dukani, nikamuuliza mbona kimya. Akanijibu anacheka, ila si cheko la kweli: "Si niliambiwa kazi yangu vyombo? Nimerudi kuosha vya nyumbani."

Kaka, wewe likes zako ulishazipata usiku ule ule. Yeye kila akipita kijiweni anaitwa Sinki mpaka leo.

Kwa hiyo futa ile klipu. Au kama unaona uko sahihi, ipandishe upya, mshale mwekundu uuhamishie kwenye ile sufuria inayoungua. Na Jumamosi jioni mi nipo bandani. Saa nzima nalipa mimi, sinki nakaa mimi, wewe kata tango mpaka liishe.