Habu ya Datsun Sio Sufuria: Ukambani Ina Mafundi, Kinachokosekana ni Kipimo

Kama umewahi kutoka Kibwezi kuenda Kitui ukipitia Mutomo enzi za vumbi, unajua vile ulikuwa unafika ukikaa mchanga mtupu. Sai ni lami. Na wasee, lami ikishuka, spidi inafuata. Spidi ikifuata, kila mtu anataka rimu pana, spesa, na ndai ya kizamani imeinuliwa ikae ya Safari.

Sasa tuongelee kitu hakuna mtu hupiga picha aweke mtandaoni: habu. Hicho ndicho kile kipande kiko nyuma ya rimu, kinashika bolti za gurudumu na kinazunguka juu ya beringi. Rimu ikipasuka unaeza bahatika. Habu ikikatika, gurudumu linakupita likienda zake, na wewe unabaki na usukani kama msee ameshika sahani tupu.

Stori inaanza na Datsun 240Z. Hii ndai ilishinda Safari Rally 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, halafu 1973 na Shekhar Mehta. Hiyo ya 1973 ilikuwa noma: Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi sawa, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi bila kosa. Tangu 2003 kuna Safari Classic ya magari ya zamani, so hizi dinga bado zinachapa vumbi ya Kenya. Lakini 240Z iliacha kuundwa 1973. Habu zake zimekula zaidi ya miaka 50. Mwenye anataka mpya ya alumini mara mingi anaagiza ng'ambo, analipa meli, analipa ushuru, na anangoja.

Hapo ndio fundi wa Wote ama Kitui mjini anajiuliza: mbona nisiunde mimi?

Swali poa sana. Jibu liko kwa hesabu.

Watu wanapenda alumini juu ni nyepesi. Ukubwa ule ule, uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma. Gurudumu jepesi linafuata mashimo vizuri, na springi hazitesekani. Lakini chuma ina tabia moja alumini haina. Chuma ukiipinda kidogo kidogo, chini ya kiwango fulani, inaeza vumilia karibu milele. Alumini inahesabu. Kila mpindo inaandika kwa daftari, na siku moja inadai deni yote.

Piga picha hivi. Tairi ya 240Z inatembea kama mita mbili kila ikizunguka. Nairobi hadi Mombasa, hapo unakata Makueni yote kutoka Sultan Hamud hadi Mtito Andei, ni kilomita kama 480. Hiyo ni mizunguko 240,000, safari moja tu, na kila mzunguko habu inapindwa kidogo. Ongeza matuta na shimo moja mbaya ya usiku.

Ndio maana sufuria iliyoyeyushwa haifai hii kazi. Jua kali wetu ni moto kwa kuyeyusha vyuma kuukuu, hilo hatubishani. Lakini ukichanganya pistoni, fremu ya dirisha na sufuria ya mama, hujui umepata nini. Ndani kunabaki vishimo vya hewa, na ufa huanzia hapo. Habu serious inakerezwa kutoka kwa kipande kizima chenye daraja linajulikana. Alumini ya 6061-T6 inaanza kupinda moja kwa moja kwa megapaskali kama 275. Ile ya 7075-T6 inafika kama 500. Ya sufuria? Hakuna mtu atakuambia, juu hakuna mtu amepima.

Halafu kuna joto. Alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua tundu la beringi la milimita 60, ulipashe moto digrii 80 kwa breki za kushuka mteremko. Tundu linazidi beringi kwa milimita 0.05 hivi. Inakaa kidogo, lakini inatosha beringi iliyokuwa imekazwa kwa nyundo ianze kucheza. Fundi mjanja anapiga hiyo hesabu kabla, anakaza zaidi tangu mwanzo. Pia anaviringisha kila kona, juu kona kali ndio mlango wa ufa. Na bolti za gurudumu anazipitisha kutoka nyuma zikiwa na kichwa cha chuma, hategemei uzi uliochongwa kwa alumini.

Sasa siasa yake. Makueni ilichoka kuuza maembe mabichi kwa bei ya kutupa, ikajenga kiwanda Kalamba. Kitui ikafungua KICOTEC, vijana wakaanza kushona yunifomu badala ya kungoja za kununuliwa kwingine. Konza, yenye Kibaki alizindua Januari 2013, iko hapo Malili, na kila mwaka tunaambiwa teknolojia inakuja. Poa. Lakini teknolojia pia ni mashine ya kuvuta kipande cha alumini mpaka kikatike, na ya kukizungusha na mzigo mara milioni uone kitapasuka lini.

Fundi mmoja hawezi nunua hiyo mashine. Kaunti mbili zikichanga zinaeza. SEKU iko Kitui, Wote Technical iko Makueni. Weka meza moja ya kupimia, yenye fundi yeyote wa jua kali analipa kidogo, anapimiwa, anapewa karatasi. Leo ni habu ya Datsun ya mzito fulani. Kesho ni habu ya mkokoteni wa trakta, na ya Probox yenye inabeba watu tisa kuenda soko Jumanne. Hao ndio wengi, na hao hakuna mtu huwapimia kitu.

So kabla uitishe habu ya alumini mtaani, muulize fundi maswali matatu. Hii ni alumini ya daraja gani? Tundu la beringi umelipunguza kiasi gani? Na umeipima wapi?

Akinyamaza kwa la tatu, usimcheke. Hajanyimwa akili, amenyimwa mashine. Lakini hiyo habu, buda, iwache hapo kwa meza.