Kocha aliugua, ulinzi ukaimarika: Je, shamba lako lingeweza?

Wafanyabiashara wengi wadogo hujisifu kwa kusema, "Mimi nisipokuwepo, hakuna kinachokwenda." Kwa mtazamo wa kiuchumi hiyo si sifa, ni tangazo la hatari. Maana yake ni kwamba homa ya wiki moja, msiba wa kijijini au ajali ya bodaboda inatosha kuusimamisha mradi uliojengwa kwa miaka kumi.

Ili kulieleza jambo hili vizuri, naomba leo twende Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi wanakifahamu chuo hicho kwa sababu ndiko alikosomea Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Safari hii tunaitazama timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono. Katika mchezo huo timu huwa na kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda, kila kimoja na kocha wake, na juu yao yupo kocha mkuu.

Mwaka 2013 kocha mkuu wa Minnesota alikuwa Jerry Kill, mgonjwa wa kifafa. Septemba mwaka huo alianguka wakati wa mapumziko ya mechi. Wasaidizi wake wakaimalizia kazi na timu ikashinda 29-12, lakini mwandishi mmoja wa gazeti la huko alishauri chuo kisiendelee na kocha wa namna hiyo. Oktoba 5 ugonjwa ulimzuia kuwepo kwenye mechi dhidi ya Michigan, timu ikafungwa 42-13. Siku tano baadaye alichukua likizo isiyo na tarehe ya mwisho ili atibiwe. Tracy Claeys, kocha wa ulinzi, akakaimu nafasi yake.

Timu iliyotoka kupokea kipigo kama hicho, tena bila kocha mkuu, ilikuwa na kila sababu ya kuporomoka. Badala yake ilishinda mechi nne mfululizo za ligi: Northwestern 20-17, Nebraska 34-23, Indiana 42-39 na Penn State 24-10.

Tupige hesabu kidogo. Katika mechi 6 za kwanza za msimu Minnesota iliruhusu jumla ya alama 145, wastani wa 24 kwa mechi. Katika mechi 7 zilizofuata, Claeys akikaimu, iliruhusu alama 144, wastani usiofika 21. Ikumbukwe kwamba mechi 4 kati ya zile 6 zilikuwa dhidi ya timu za nje ya ligi yao, ambazo kwa kawaida huwa nyepesi. Ni kweli walipoteza mechi tatu za mwisho, lakini hata hapo waliruhusu alama 20, 14 na 21 tu. Kilichokwama ni ushambuliaji: timu nzima ilipata alama 7, 3 na 17.

Je, tuseme kocha akiondoka timu hunufaika? Hapana. Mwaka 2011, msimu wa kwanza wa Kill chuoni hapo, timu iliruhusu wastani wa karibu alama 32 kwa mechi. Mwaka 2012 ikashuka hadi karibu 25, na 2013 ikafika 22. Ulinzi ulikuwa ukijengwa kwa miaka mitatu. Kutokuwepo kwa kocha hakukuujenga, kulidhihirisha tu kwamba umekwisha kusimama wenyewe.

Hapa ndipo penye somo. Claeys hakuokotwa njiani siku bosi alipougua. Alianza kufanya kazi na Kill mwaka 1995 na kuhama naye kutoka chuo kimoja hadi kingine. Pia alikwisha kupewa eneo lake la kuamua: ulinzi ulikuwa mikononi mwake kila wiki, bosi akiwepo. Na Kill aliporejea kabla msimu haujaisha, alikaa juu kwenye chumba cha makocha na kumwachia Claeys uongozi hadi mwisho. Mwaka 2014 Kill alishika tena usukani, Claeys akarudi kwenye ulinzi wake, na Kill akachaguliwa kocha bora wa ligi yao.

Sasa turudi kwetu. Mwenye duka la pembejeo analazwa wiki mbili wakati mahindi yanahitaji mbolea ya kukuzia. Kijana wa duka anajua kuuza, lakini hajui bei ya jumla, hajui nani anadaiwa, wala hana ruhusa ya kuagiza mzigo. Mkulima wa nyanya anakwenda msibani, mvua zinanyesha mfululizo, ukungu unaingia, na wa nyumbani hajui dawa ipi inapigwa wala baada ya siku ngapi. Msimu haumsubiri mgonjwa.

Najua jibu la wengi: "Nikimwachia ataniibia." Hofu hiyo ina msingi, lakini tiba yake si kuficha kila kitu kichwani. Tiba ni kumbukumbu. Makocha wa Marekani hurekodi mechi na kuzipitia tena, hivyo kila mmoja hupimwa kwa kazi yake. Daftari la mauzo la kila siku, hesabu ya mzigo kila wiki na orodha ya wadeni hufanya kazi hiyo hiyo dukani. Shambani, kuwe na ratiba ya kupalilia, mbolea na dawa iliyoandikwa na kubandikwa ukutani.

Lipo na jambo la malipo. Msaidizi hawezi kukaa nawe miaka akasomea kazi yako kama kila msimu unambadilisha ili umpate wa bei nafuu. Mshahara unaouokoa leo ndio hasara utakayoilipa siku utakayolazwa.

Ushauri wangu ni huu: usingoje ugonjwa ndio uwe mtihani wa kwanza. Chagua wiki moja ambayo biashara imepoa, mkabidhi mkeo, mumeo, mwanao au msaidizi wako maamuzi yote, nawe usipige simu kila saa. Ukirudi, pitieni daftari pamoja. Palipokwama ndipo pa kuanzia mafunzo. Fanya hivyo tena kabla ya msimu, mpaka ifike siku ukirudi ukute hakuna kilichokusubiri.