Gesi ya Mnazi Ilipie Matumbawe ya Mnazi

Kwa Uongozi wa Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu (MPRU)

Yah: Uhai wa watu wa Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma katika bahari inayozidi joto

Swali la kama binadamu atastahimili joto la dunia huulizwa sana kwenye kumbi za mikutano ya kimataifa. Wanasayansi wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, hawajasema kwamba binadamu wote watakwisha. Wanachosema ni kizito vya kutosha: kadiri joto linavyopanda, ndivyo mahali ambapo mtu anaweza kupata chakula na kukaa salama panavyopungua. Kwa vijiji vya Msimbati, Ruvula, Msangamkuu na Nalingu swali hilo ni fupi zaidi. Watu watabaki pale au watahama? Na wakibaki, watakula nini?

Bamvua linapotoa maji, akina mama wa vijiji hivyo huingia mwambani na vyuma vyao kuchokoa pweza. Hukagua shimo kwa shimo, maana pweza anataka pango, na pango hilo limejengwa na matumbawe. Wengine hutanda uduvi kando ya mikoko. Kitoweo, daftari za watoto na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Ligula hutoka humo.

Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani ndani ya mwili wake, na mwani huo ndio unaomlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi kawaida ya miezi ya joto kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma kadhaa, mnyama huyo huutoa mwani wake akabaki mweupe. Joto lisipopungua upesi hufa, na mwamba huanza kumomonyoka. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, na Ghuba ya Mnazi haikusalimika. Pigo jingine likaja 2016. Mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Kutoka pigo la 1998 hadi la 2016 ilipita miaka 18; kutoka hapo hadi 2024 ni miaka minane tu, ilhali mwamba ulioumia vibaya huhitaji miaka kumi na zaidi kurudi hali yake.

IPCC imekadiria kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 zaidi ya lile la kabla ya viwanda, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe yatapotea. Ikifika nyuzi 2, yatapotea zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kuvuka wastani wa nyuzi 1.5.

Dhoruba nazo zimekwisha bisha hodi. Aprili 25, 2019, shule za Mtwara zilifungwa na watu wa pwani wakatakiwa kuhama. Kimbunga Kenneth kikatua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, kikabomoa makazi ya visiwa vya Ibo na Matemo, wiki sita tu baada ya Kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira. Wamakonde na Wamakua wako kingo zote mbili za mto huo. Maafa ya ng'ambo si habari ya wageni. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na mvua zake zikakata barabara eneo la Somanga, Mtwara ikakosa njia ya kwenda Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, mwamba ulio hai na msitu wa mikandaa, michu na mililana ndivyo vinavyopunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba. Kinga hizo hazikugharimu serikali hata shilingi.

Ghuba hiyohiyo ina gesi. Kampuni ya Agip ya Italia iliigundua mwaka 1982, ikakaa chini zaidi ya miaka 20, kisha ikaanza kuwasha umeme wa Mtwara. Tangu 2015 inasafishwa Madimba na kusafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Barua hii haidai visima vifungwe. Mchango wa Tanzania katika hewa ukaa ya dunia ni mdogo mno, na wodi yenye umeme huokoa maisha. Lakini gesi inayochimbwa ndani ya mipaka ya hifadhi ya bahari ya ghuba hii, kisha ikichomwa inaongeza joto linaloua matumbawe ya hifadhi hiyohiyo, ina deni. Kuwaambia wavuvi waache nyavu za kukokota na wasikate mikoko, huku mapato ya gesi yakipita juu ya vichwa vyao, si haki, na hakutailinda bahari.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2000, kwa Sheria ya mwaka 1994 inayowatambua wanavijiji kuwa wadau. Kitengo kina mamlaka ya kutosha. Kisiwa Panza, Pemba, wavuvi wenyewe wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakafungua kwa pamoja. Vijiji vya Mnazi vinaweza kufanya hivyo vikipewa boti ya doria na mafuta yake. Kitengo kiketi na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) na Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, ambayo hupokea ushuru wa huduma wa gesi, wakubaliane fungu la kila mwaka kwa ajili ya mwamba na mikoko, na fungu hilo litajwe hadharani kwa shilingi.

Kila mwisho wa kaskazi, matumbawe yapimwe na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji, kuanzia Msimbati. Wanakijiji wanaomba jibu la maandishi kabla ya kaskazi ijayo.

Nakala: Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC)