Karatasi Iliyosahauliwa Kabatini

Mwezi wa Februari mwenzetu mmoja alikosa kikao chetu cha Alhamisi cha akina mama. Akakosa cha pili. Alipokosa na cha tatu tukafunga safari kwenda kumjulia hali. Tulimkuta nyumbani saa nne asubuhi, siku ya kazi, ameketi mlangoni akikatakata sukuma wiki. Yeye ni muuguzi, mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na minne tumezoea kumwona akipita mbio kwenda zamu na sweta yake ya buluu. Tulidhani anaumwa. Alitupikia chai, akatuuliza habari za watoto wetu mmoja mmoja kwa majina, ndipo akasema akiangalia chini, "Nimerudishwa nyumbani. Leseni yangu ilikwisha."

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliotangulia mama mkwe wake alipatwa na kiharusi, akaletwa kukaa nao. Masomo ya wauguzi hospitalini kwao huwa Jumatano asubuhi, saa ileile aliyokuwa akitoka zamu ya usiku na kukimbilia nyumbani kumgeuza mgonjwa, kumwosha na kumlisha uji. Jumatano moja ikampita, ikafuata nyingine. Fedha za ada ya leseni alikuwa ameziweka akiba ndani ya kopo la majani ya chai, zikaishia kwenye sare za shule. Karatasi yenyewe ilikuwa kabatini chini ya vitambaa vya meza. Januari metroni alipokusanya nakala za leseni za wauguzi wote, yake ilikuwa imepitwa na tarehe. Akaambiwa akae nyumbani bila mshahara mpaka alete mpya.

Jambo lililotuhuzunisha zaidi ni kwamba alikuwa amekaa wiki nne bila kufanya lolote, kwa aibu. Hakutaka kanisani wajue. Wengi wangesema ameiba dawa.

Bwana wake aliingia tukiwa katikati ya mazungumzo. Alitusalimu vizuri, akavuta kigoda, akasema, "Nyinyi akina mama, hebu nisaidieni. Huyu amedunga watu sindano miaka kumi na minne. Je, kazi aliisahau usiku wa kuamkia mwaka mpya? Si ni karatasi tu?"

Swali hilo si la kijinga. Tumelisikia kwa mabwana wengi, na kwa wauguzi wenyewe pia, hasa Januari karo zinapodaiwa. Basi yale tuliyomjibu pale barazani tunayaandika hapa.

Hapa Kenya muuguzi husajiliwa mara moja, baada ya kufaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi, na jina lake huandikwa katika rejesta. Lakini kuwa na jina katika rejesta ni jambo moja, na ruhusa ya kufanya kazi ni jambo jingine. Ruhusa ni leseni, nayo hufanywa upya kila mwaka. Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, iliyolianzisha Baraza hilo mwaka 1983, inahesabu kufanya kazi bila leseni kuwa kosa. Ili kuipata upya, muuguzi hulipa ada, na tena huonyesha kwamba katika mwaka alijipatia angalau pointi 20 za masomo ya kuendeleza taaluma yake. Mwenzetu alikuwa nazo 11.

Na kwa nini masomo, kwa mtu aliyekwisha kusoma? Mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu ni mkunga, na yeye ndiye aliyemweleza bwana yule. Alimwambia kwamba zamani wakunga tulifundishwa kukadiria kwa macho damu anayopoteza mama baada ya kujifungua. Macho hudanganya. Damu iliyonywewa na shuka na pamba huwezi kuipima, na mara nyingi mkunga alishtuka mama alipokwisha kulegea. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Katika hospitali zilizofuata njia mpya, mama alitandikiwa plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, damu ikakusanyika humo, ikaonekana ni kiasi gani. Ilipofika kiwango cha hatari, wakunga hawakujaribu tiba moja, wakangoja, kisha wakajaribu nyingine. Walifanya yote pamoja: kusugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, dawa ya kuukaza, dawa ya kusaidia damu igande, maji ya mshipani, na kumchunguza mama kuona damu inatoka wapi. Akina mama waliotokwa na damu kupita kiasi, au kupatwa na mabaya yatokanayo nayo, walipungua kwa asilimia 60.

Mikono ya mwenzetu haijasahau sindano. Ila habari hii haikuwamo katika madaftari yake ya chuo, kwa kuwa hakuna aliyeijua wakati ule. Ilimfikia, au ingemfikia, katika zile Jumatano.

Bwana alinyamaza. Sisi tulikuwa tumesahau kwamba kitinda mimba wao alizaliwa mama yake akiishiwa damu hata akaongezewa chupa mbili. Yeye hakuwa amesahau.

Wako wanaosema mambo ya rejesta ni usumbufu wa serikali tu. Kumbe huko Uingereza aliyeyapigania kwa miaka zaidi ya 30 alikuwa mwanamke aliyeacha kazi kwa sababu ya ndoa. Ethel Gordon Manson alifanywa metroni wa hospitali ya St Bartholomew's, London, mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka 1887 aliolewa na daktari Bedford Fenwick, akaacha kazi, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Alikuwa nje ya wodi, lakini alidai pasipo kuchoka kwamba muuguzi aliyefunzwa atambulike kwa jina lake katika kitabu, ili mgonjwa asichanganyiwe na mtu yeyote aliyevaa aproni. Florence Nightingale mwenyewe alimpinga. Aliona kwamba mtihani hauwezi kupima moyo wa muuguzi. New Zealand ilitunga sheria yake mwaka 1901, Uingereza ikachelewa hadi 1919. Rejesta ilipofunguliwa mwaka 1921, jina la Bi. Fenwick liliandikwa nambari moja.

Sisi twaona Nightingale alikuwa na nusu ya haki. Hakuna karatasi iwezayo kuonyesha huruma. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani hana nafasi ya kuuchunguza moyo wa mtu. Yafaa awe na kitu cha kushika.

Sasa turudi jikoni. Kosa la mwenzetu, kama ni kosa, lilikuwa kuifanya leseni siri yake peke yake. Bwana hakujua inaisha lini wala inagharimu nini. Ada ile ukiigawa kwa miezi kumi na miwili si mzigo wa kumshinda mwenye mshahara. Inayomshinda mtu ni kuitoa yote Januari, pamoja na karo, vitabu na viatu. Haina tofauti na kodi ya nyumba, kwa kuwa ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Basi iandikwe kwenye hesabu ya nyumba, bwana akiona.

Na pointi hazikusanywi Desemba. Wako wauguzi wanaohangaika wiki ya mwisho wakitafuta semina yoyote, hata isiyohusu kazi yao, ili wapate cheti. Huko si kusoma, na tunawaambia wazi ingawa baadhi yao ni rafiki zetu. Chukua kidogo kidogo: vipindi vya hospitalini, semina, masomo ya mtandao mtoto akilala. Kwanza hakikisha anayetoa masomo anatambuliwa na Baraza. Vyeti viweke katika faili moja, uvipige na picha kwa simu, maana watoto wetu huchora popote.

Jambo jingine huwapata walioolewa. Ulisajiliwa kwa jina la baba yako, kitambulisho sasa kina jina la bwana, na cheti cha semina kimeandikwa jina la tatu, lile la ubatizo na la utani. Majina yakipishana, maswali huanza. Liarifu Baraza mapema, cheti cha ndoa kikiwa mkononi, usingoje siku unayotaka kulipa.

Tunajua pia wauguzi walioacha kazi ili kulea, wakaiacha leseni ife, wakisema wataanza tena mtoto akienda shule. Hapo hatukubaliani nao. Hatusemi warudi kazini. Kulea ni kazi tosha. Lakini leseni waiendeleze. Bwana hupunguzwa kazini, bwana huugua, na mama aliyekaa miaka sita bila leseni hawezi kuingia wodini kesho yake asubuhi. Isitoshe, jirani wanaendelea kumgongea usiku watoto wao wakishikwa na degedege, na afadhali ajue linalofundishwa leo.

Nanyi msio wauguzi, msidhani ukurasa huu haukuwahusu. Rejesta ya Baraza yaweza kutazamwa na mtu yeyote katika mtandao. Mtaani kwenu akitokea mwenye koti jeupe anayechoma sindano nyuma ya duka, muulize jina kamili, ukatazame. Muuguzi wa kweli hatachukia. Mwenye kliniki yake binafsi anahitaji na leseni nyingine ya kuhudumu binafsi, juu ya ile ya kila mwaka; nayo una haki ya kuiulizia.

Mwenzetu alikuwa na pointi tisa za kutafuta. Metroni alimruhusu kuhudhuria masomo ingawa hayumo kazini, na mengine aliyasoma katika simu ya bwana. Jumatano tatu mfululizo bwana alikaa nyumbani asubuhi na mama yake mzazi. Siku ya kwanza uji uliungua, na bibi, ambaye hasemi vizuri tangu augue, alicheka hata machozi yakamtoka. Ada tuliichanga Alhamisi, naye ameanza kuirudisha kidogo kidogo ingawa hatukumdai.

Aliporudi kazini mwezi wa Machi zilikuwa zimepita wiki saba bila mshahara, na nusu ya karo ya muhula wa kwanza bado inadaiwa. Mama mkwe sasa anashika kijiko mwenyewe.