Kuteleza si Kuanguka: Kitufe cha Kutelezesha Kinamlinda Nani?

Kwenye simu yangu wamo akina Mama Salma wawili. Mmoja ni fundi cherehani, mwingine ni jirani wa zamani aliyehamia Mbagala. Siku moja nilitaka kumtumia fundi shilingi 50,000 za kushonea sare za watoto. Programu ya malipo haikuniwekea kitufe cha kubonyeza. Iliniwekea cha kutelezesha: duara lenye mshale, ulisukume kutoka kushoto hadi kulia ndipo fedha ziondoke. Nikalisukuma taratibu hadi ukingoni, likageuka kijani. Kitufe kilifanya kazi yake barabara. Fedha zikaenda Mbagala.

Jirani alizirudisha siku hiyo hiyo, kwa hiyo naye sina kesi. Kesi yangu ni na kitufe, au tuseme na imani tuliyokipa. Watengenezaji wa tovuti na programu wanakipenda kwa sababu siku hizi kinapatikana tayari, unachagua rangi, maneno na umbali ambao kidole kinapaswa kusafiri kabla ya ombi kukubaliwa. Kidole kikiachia njiani, duara linarudi lilikotoka. Huo wanauita ulinzi. Ni ulinzi dhidi ya nini?

Makosa ya simu ni ya namna mbili. Kuna kosa la mkono, pale kidole kinapogusa kisichokusudiwa. Na kuna kosa la fikra, pale unapokusudia kwa moyo wote jambo lisilo sahihi. Kitufe cha kutelezesha kilizaliwa kwa ajili ya lile la kwanza. iPhone ilipotoka mwaka 2007, ilifunguliwa kwa kutelezesha kidole, maana kioo cha mguso hakitofautishi kidole kilichokusudia na shavu lililogusa kwa bahati mbaya. Mguso mmoja hutokea hivi hivi. Kuburuta kitu kwa mstari kutoka mwanzo hadi mwisho ni nadra kutokea bila mtu kutaka. Apple iliuondoa mtindo huo wa kufungulia simu kwenye iOS 10 mwaka 2016, ila kwenye kuzima simu ikaubakiza.

Kwa kosa la mkono, basi, kitufe hiki kinastahili sifa. Mfikirie dereva wa bodaboda aliyefunga simu kwenye usukani, barabara ina mashimo na matone ya mvua yanadondokea kioo. Kitufe cha kawaida cha kumaliza safari kingeweza kuguswa abiria akiwa bado nyuma yake. Vilevile kinakishinda kile kisanduku cha "Una uhakika? Ndiyo, Hapana". Tumekizoea mno kisanduku hicho, kiasi kwamba dole gumba linafika kwenye Ndiyo kabla jicho halijasoma swali.

Lakini mazoea hayana adabu. Mtu anayetelezesha mara ishirini kwa siku hafikiri tena mara ishirini. Na kwa kosa la fikra, kuongeza ugumu wa kidole hakusaidii kitu. Ushahidi mzuri unatoka Marekani. Agosti 2020 benki ya Citibank, iliyokuwa ikisimamia mkopo wa kampuni ya vipodozi ya Revlon, ilikusudia kuwalipa wakopeshaji riba ya takriban dola milioni 7.8. Badala yake ikawatumia karibu dola milioni 900 za kwake yenyewe. Muamala ule ulipitia mikono ya watu watatu. Mfumo wenyewe ulitoa onyo kwamba fedha zitatoka nje ya benki, ukauliza kama waendelee. Wakaendelea, kwa sababu riba nayo ilikuwa itoke nje ya benki. Onyo halikusema ni fedha kiasi gani. Ilichukua hadi Septemba 2022 mahakama ya rufaa kuipa benki ushindi dhidi ya wakopeshaji waliogoma kurudisha. Ungewapa wale watatu vitufe vya kutelezesha, wangetelezesha wote.

Kuna hesabu nyingine ambayo mashabiki wa kitufe hiki hawaipigi: nani anabaki nje? Mzee ambaye mikono yake inatetemeka huliachia duara katikati, likarudi, akaanza upya. Asiyeona anayetumia kisoma skrini kwenye simu hutelezesha kidole ili kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine, si kusukuma kitu. Anayetumia kibodi pekee huenda asikifikie kabisa, kwa kuwa mara nyingi kinachoonekana kama kitufe ni mchoro tu uliofundishwa kufuata kidole. Ndiyo maana WCAG 2.2, mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2023, unataka jambo linalofanyika kwa kuburuta liwe pia na njia ya kufanyika bila kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta hakuna mbadala.

Atakayesema kwamba njia ya pili inaua ulinzi, ana hoja nusu. Njia ya pili si lazima iwe mguso mmoja wa kizembe. Inaweza kuwa kubonyeza, kusoma kiasi na jina, kisha kubonyeza tena. Hiyo inampunguzia mwendo kila mtu, na haimfungii mlango yeyote.

Ila dawa yenyewe, kwa maoni yangu, iko kwingine. Huduma ya Hakikisha ya Safaricom nchini Kenya humwonyesha mtumaji wa M-Pesa jina la anayepelekewa na kumwachia sekunde chache za kusitisha. Haihitaji kioo cha mguso. Mwenye simu ya kitochi naye hulindwa. Gmail nayo hukuruhusu kuirudisha barua pepe ndani ya sekunde 5 hadi 30 baada ya kuituma. Zote mbili zinakubali jambo ambalo kitufe cha kutelezesha hakilikubali: kwamba binadamu huona kosa lake mara tu baada ya kulitenda. Wahenga walishasema kuteleza si kuanguka. Kati ya hayo mawili pana nafasi ndogo ya kujishika, na mtengenezaji mwema ndiye anayeiacha wazi.

Kwa hiyo, anayetaka kukiweka kitufe hiki kwenye tovuti yake akiweke, lakini kwa mambo mazito tu, na rangi iwe ya mwisho kufikiriwa. Kwanza aandike kwenye njia ya duara kile kitakachotokea, kiasi na jina lililosajiliwa, badala ya "Telezesha kuthibitisha". Kisha atengeneze njia ya pili. Kisha aache muda wa kujuta.

Mimi sikusubiri. Nimebadilisha majina kwenye simu: mmoja sasa ni Mama Salma Cherehani, mwingine Mama Salma Mbagala. Tangu hapo sijakosea, na kitufe bado kinageuka kijani vilevile.